Niliomba Uso Mweupe Wenye Namba

Ipo siku moja ambayo mpaka leo haijanitoka kichwani, mwanangu Salma, na nitakusimulia hivi sasa kabla hujaendelea kuitazama hiyo simu na kuguna. Ni siku niliyofunguliwa kiboksi kidogo mbele ya wanawake wa ukoo mzima, vigelegele vikapigwa mpaka kuku wakakimbilia shambani, na mimi mwenyewe nikatamani ardhi ipasuke niingie. Ndani ya kile kiboksi mlikuwa na saa ya mkononi. Ilikuwa saa nzuri, ya thamani, tena ya aina ambayo kiwanda chake kilikuwa kimeshaacha kuitengeneza. Tatizo ni kwamba haikuwa ile niliyoomba.

Nimekaa kimya siku hizi zote nikikuangalia. Yusufu wako kapata muuzaji mwenye saa ambayo haitoki tena kiwandani, na kijana wa watu kakuuliza swali la kistaarabu kabisa: unataka kasha kubwa au dogo, na uso wa rangi gani, mweupe, wa buluu au mweusi. Wewe badala ya kumjibu ukalipeleka swali kwa mama yako. Mama yako akalipeleka kwenye kundi la simu la kamati ya harusi, na kamati, kama ujuavyo mambo ya kamati, ikaanza kupiga kura. Mpaka jana jioni kasha dogo lenye uso wa buluu lilikuwa linaongoza. Nilipokuuliza wewe mwenyewe unataka ipi, ukaniambia, "Yoyote tu, Bibi, mradi ipendeze." Na mimi nimekuona ukiifungua ile picha ya kubwa yenye uso mweusi, ukaivuta kwa vidole mpaka ikajaa kioo, ukaifunga, kisha ukaifungua tena. Nimezeeka, lakini macho bado yanafanya kazi.

Basi weka simu chini, vuta hilo sinia la mchicha unisaidie kuchambua, unisikilize.

Wakati ule nilikuwa na umri kama wako. Nilikuwa nimemaliza mafunzo ya ukunga, nikapangiwa zahanati moja kule Kisarawe, si mbali sana na kwetu Maneromango. Kazi niliipenda, na sitakudanganya, nilijivuna nayo. Nikipita njiani na gauni langu jeupe, akina mama niliowazalisha waliniita "mama" wakati mimi mwenyewe sijamaliza hata kuota meno ya utu uzima. Lakini ile zahanati haikuwa na saa. Ya ukutani ilikuwapo, ila ilikufa kabla sijafika, na hakuna aliyekumbuka siku ya mwisho ilipotembea.

Sasa mkunga bila saa ni taabu. Mama mja mzito akilala kitandani, unachukua kile chombo chetu cha mbao kama tarumbeta ndogo, unakiweka tumboni, unaegesha sikio na kusikiliza moyo wa mtoto. Unahesabu mapigo huku jicho liko kwenye mshale wa sekunde. Ukikosa mshale wa sekunde, umebaki kukisia, na moyo wa mtoto wa mtu si wa kukisiwa. Aliyekuwa na saa pale ni mganga wa zahanati peke yake, mzee mmoja mwenye haya nyingi. Ikabidi kila mara nimwite asimame nje ya pazia, aangalie saa yake aniambie "anza", halafu aniambie "basi". Akina mama wakubwa walikuwa wanachukia kusikia sauti ya mwanamume pale, na mzee wa watu alikuwa anachukia zaidi yao. Tukaishi hivyo.

Babu yako Hamisi nilimfahamu hapo hapo zahanati. Alikuwa fundi wa pampu kwenye mitambo ya maji, mtu wa Mlandizi, wazazi wake wakulima wa mihogo na mpunga. Alitumwa kuja kutengeneza pampu ya kisima chetu. Kazi ya asubuhi moja ikamchukua siku kadhaa, na mpaka leo sijui kama ile pampu ilikuwa mbovu kiasi kile. Siku ya mwisho alisikia mganga akisema "anza" na "basi" nje ya pazia, akauliza kuna nini, nami nikamweleza. Hakucheka. Alisema tu, "Hiyo si kazi ya kufanya kwa kubahatisha." Nadhani hapo ndipo nilipompenda, ingawa nilijifanya nina haraka.

Posa ikaja, ikakubaliwa, na kwa desturi ya kwetu mambo yakafungwa. Posa ikishapokewa, msichana na kijana hawaonani tena mpaka ndoa. Mkikutwa mnaongea njiani, ni aibu ya nyumba nzima. Neno lolote lilipita kwa mshenga, naye alikuwa Mzee Kondo, mwembamba, mwenye kanzu isiyo na doa na baiskeli iliyolia kila ilipopanda kilima. Alikuwa na saa aliyoitegesha Kiswahili hasa: ikigonga saa moja asubuhi, mshale mfupi uko kwenye moja, si kwenye saba kama saa za watu wengine. Hata tarehe yake ilibadilika magharibi, jua likizama, na yeye akisema hiyo ndiyo sawa kwa sababu siku inaanza na usiku wake. Ilikuwa raha kumsikiliza. Kila alichokibeba alikibeba kwa heshima, ila hakuweza kukifikisha bila kukirembesha kidogo.

Hamisi alikuwa na kaka yake mkubwa, Selemani, baharia wa meli za mizigo. Alikuja likizo akasema kuna duka kwenye bandari moja ya Uarabuni, mwenye duka amebakiwa na saa chache za kampuni kubwa ya Ulaya, za aina ambayo haitengenezwi tena. Zipo za kasha kubwa na za kasha dogo. Uso upo mweupe wenye namba nyeusi zote kumi na mbili na mshale wa sekunde, upo mweusi, na upo wa rangi ya dhahabu usio na namba. Ndugu wawili wakakubaliana kuwa hiyo ndiyo itakuwa zawadi ya bibi harusi. Lakini Hamisi hakutaka kuchagua kwa niaba yangu. Alimtuma Mzee Kondo aje aulize, tena haraka, kwa sababu meli ilikuwa karibu kuondoka na zile saa zilikuwa za kumalizia.

Swali lilifika kwa Shangazi Mwanaidi, dada wa baba yangu, ambaye ndiye aliyesimamia uchumba wangu. Mzee Kondo akaliacha pale, akasema atapita kesho kuchukua jibu. Jioni Shangazi akaniita chumbani akaniuliza. Sikuwa na la kufikiria. Nikamwambia, "Kasha kubwa, Shangazi. Uso mweupe wenye namba, na mshale wa sekunde. Huo mshale ndio muhimu."

Shangazi akaushika mkono wangu akaugeuza juu chini. Nilikuwa mwembamba wakati huo, usinitazame hivyo. "Kubwa? Mkono wenyewe huu?"

"Ndiyo, Shangazi. Ni ya kazi."

"Haya, nimesikia," akasema.

Nilikuwa bado mdogo, sikujua kuwa Shangazi alisema "nimesikia" hasa pale ambapo hakukubali. Kesho yake nikaenda zangu kazini, Mzee Kondo akapita akachukua jibu, na mimi nikaanza kuisubiri saa yangu. Niliisubiri miezi mingi. Kila nilipomwita mganga nje ya pazia nilijisemea, vumilia, inakuja.

Siku ya mahari ndiyo ile niliyoanza nayo. Watu wa Mlandizi walifika na ngoma yao, wanaume wakakaa nje na wanawake wakajaa ndani. Mahari ikapokewa, kisha Shangazi akaingia na kiboksi, akakifungua mwenyewe mbele yangu. Saa ilikuwa ndogo. Ilikuwa ya dhahabu, mkanda wake mwembamba kama bangili ya mtoto, uso wake unametameta mpaka mishale yenyewe haionekani vizuri. Haikuwa na namba hata moja, na mshale wa sekunde haukuwapo. Wakanivisha, vigelegele vikapigwa, Shangazi akaninyanyua mkono juu kila mtu aone. Nikatabasamu, maana macho yote yalikuwa kwangu.

Lakini moyoni, mwanangu, niliumia vibaya. Sikuililia saa. Niliwaza hivi: huyu mtu aliona kwa macho yake tabu yangu ya pazia. Akaniuliza ninachotaka. Nikamwambia kwa maneno machache yasiyo na utata, naye akaenda akachukua alichotaka yeye, saa ya mwanamke wa kukaa sebuleni na kupokea wageni. Nikaona ananitoa kazini kabla hata hajanioa. Na kama leo kaniuliza na asinisikilize, siku nitakayomwambia nimechoka atanisikiliza? Siku nitakayomwambia naumwa? Nikaamua kuwa ndoa hii siitaki.

Wageni walipoanza kuondoka nilikwenda uani kwa bibi yangu mzaa mama, Bi Tatu. Alikuwa anabangua korosho, vidole vyeusi kwa utomvu, hakujishughulisha na sherehe kwa sababu alisema kelele zinamwumiza masikio. Nikamshika miguu, nikamwambia, "Bibi, mimi siolewi."

Hakuacha kugonga korosho. "Kwa sababu gani?"

Nikamweleza yote, kasha kubwa, uso mweupe, mshale, na hiki kidude nilichovishwa. Nililia sana. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, ndipo akaweka nyundo yake chini.

"Hayo uliyotaka, ulimwambia nani?"

"Nilimwambia Shangazi."

"Shangazi ndiye anayekuoa?"

Nikafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Shangazi kamwambia Kondo," akasema Bibi. "Kondo kamwambia kijana. Wewe hukuwapo kwa Shangazi alipoongea na Kondo, na hukuwapo kwa Kondo alipofika Mlandizi. Sasa unamhukumu mtoto wa watu kwa neno ambalo hujui hata kama lilimfika. Ukimkataa kwa hilo utakuwa umemwonea, na utakuwa umejionea na wewe."

Nikamwambia, desturi hairuhusu nimwone. Bibi akanitazama kama nimesema jambo la kitoto. Alikuwa mwanamke wa dini na wa mila, aliyewafunda wasichana wengi wa pale kijijini, na mimi nikidhani yeye ndiye angekuwa wa kwanza kunikataza.

"Desturi imewekwa ili muheshimiane," akasema. "Haikuwekwa ili muanze nyumba hamuelewani. Kesho lori la mkaa linapita kwenda Mlandizi. Panda, uende mpaka kazini kwake. Wakiniuliza nitasema nimekutuma dawa ya mgongo. Na kweli mgongo unaniuma, kwa hiyo uniletee hiyo dawa."

Nilipanda lile lori kwa njia ya Mzenga, nikashuka Mlandizi, nikaambiwa Hamisi siku hiyo yuko Kibaha, kuna bomba limepasuka. Nikaifuata barabara ya Morogoro kwa basi mpaka pale mnapopaita leo Kwa Mathias. Nyie mnakujua kule kwa maduka na mabasi na watu wanaouza kila kitu mpaka chaja za simu. Siku hizo palikuwa barabara na vibanda vichache, na Hamisi alikuwa shimoni kando ya barabara, matope mpaka magotini. Aliponiona alitoka nje kwa haraka akauliza nani amekufa.

"Hakuna aliyekufa," nikamwambia. "Nimekuja kukuuliza swali moja, na ujibu wewe. Niliomba uso mweupe wenye namba. Kwa nini umeniletea hii?"

Alikitazama kile kidude mkononi mwangu, akanitazama mimi. Akajifuta mikono kwenye suruali kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Wewe uliomba nyeupe?"

"Kubwa, nyeupe, yenye mshale wa sekunde."

"Mimi niliambiwa binti anataka ndogo, ya dhahabu, isiyo na namba, ya kuvalia harusi," akasema. "Nilimuuliza Mzee Kondo zaidi ya mara moja, una hakika? Nilishakuchagulia nyeupe moyoni, kwa sababu ya lile pazia. Mimi nashinda nasoma vipimo vya pampu, najua uso unaosomeka na usiosomeka. Nikashangaa sana. Nikasema basi huenda anaacha kazi na hataki kuniambia, au anataka maisha ya dhahabu ambayo mimi siyawezi. Tangu nilipolipata hilo jibu sijalala vizuri."

Mwanangu, tulisimama pale barabarani, yeye na matope yake na mimi na vumbi la mkaa, tukagundua kuwa kila mmoja wetu alikuwa anajiandaa kuachwa na mwenzake. Nilicheka mpaka nikalia. Yeye alilia kwanza ndipo akacheka, ingawa alikataa jambo hilo maisha yake yote.

Saa nyeupe haikupatikana tena. Selemani aliuliza safari iliyofuata, zikawa zimekwisha, na kiwanda ndiyo hivyo tena kilishaziacha. Lakini siku ile ile, pale pale kando ya shimo, Hamisi alivua saa yake, saa ya kawaida ya chuma, kasha pana na uso mweupe wenye namba, akanipa. Ilinizunguka mkononi, akatoboa tundu jingine kwenye mkanda kwa msumari. Nimehesabia mioyo ya watoto wengi sana kwa saa ile, wengine wamo kwenye hiyo kamati yako ya harusi. Yeye akaishi miaka bila saa, akiuliza watu njiani saa ngapi, na wenzake kazini wakimtania kuwa mke kampokonya muda. Alikuwa anawajibu kuwa muda wake uko mahali salama.

Nikarudi na dawa ya mgongo. Bibi akaipaka, hakuniuliza kitu. Alinitazama usoni tu, akaendelea na korosho zake.

Siku ya harusi nilivaa ile ndogo ya dhahabu, maana kwa harusi ilipendeza, lazima niseme kweli. Hapo ndipo Shangazi Mwanaidi aliponinong'oneza kwa furaha kuwa yeye ndiye aliyeniokoa. Aliona kuwa bibi harusi mwenye saa ya kiume mkononi angechekwa na watu wa Mlandizi, wangesema kijana wao kaoa mke mwenye amri, akaamua kuwa kubwa iwe ndogo. Na Mzee Kondo naye, alipokuja kutupa mkono wa heri, alijisifu kwa Hamisi kuwa aliisikia habari ya uso mweupe akashtuka, kwa sababu weupe ni rangi ya sanda, haifai kuingia na bibi harusi ndani. Akaibadilisha njiani kuwa dhahabu, akaona amefanya jambo la busara. Huyu alibadilisha ukubwa, yule akabadilisha rangi, na wote wawili walifanya hivyo kwa sababu walinipenda. Mimi na Hamisi tuliangaliana tukawashukuru. Hatukuwaambia kamwe. Kila Idi niliivaa ile ndogo niende nayo kwa Shangazi, akaushika mkono wangu akaufurahia mpaka alipofariki.

Kwa hiyo usiwachukie wanakamati wako. Wanakupenda, ndiyo maana kila mmoja anakuchagulia. Mama yako anaogopa utachekwa na saa kubwa, kama Shangazi alivyoniogopea mimi. Lakini saa hii haitengenezwi tena, na ukishapewa isiyo yako hutapata nyingine ya kubadilishia.

Kama ni ukubwa unaokusumbua, hilo ni jepesi. Muulize Yusufu kasha lina milimita ngapi, chora duara la kiasi hicho kwenye karatasi, ulikate, uliweke juu ya kifundo cha mkono. Likivuka kingo za mkono, kubwa mno hilo. Likikaa ndani, ni lako, na asikwambie mtu kuwa ni la kiume. Uso nao usiuchague kwa picha, jiulize utausoma wapi. Wewe unatoka hapa Kibaha, kwetu Tumbi, alfajiri, giza bado, kwenda kusubiri gari la Dar. Ile nyeusi mishale yake inawaka gizani, nimeona kwenye hiyo hiyo picha uliyokuwa unaivuta. Moyo wako haukukosea, mdomo wako ndio uliozubaa. Ulidhani ukisema "yoyote tu" unaonyesha adabu. Adabu ni kumjibu mtu aliyekuuliza, maana amekupa heshima ya kukuuliza, na ukimwachia akisie, siku akikisia vibaya utamkasirikia kwa kosa ambalo si lake.

Na hii si habari ya saa peke yake, ndiyo maana nimeacha mchicha wangu unasubiri. Mimi na babu yako tangu siku ile ya shimoni tuliwekeana jambo moja: kila mtu amuulize mwenzake mwenyewe, na kila mtu ajibu mwenyewe. Tuligombana, usidhani hatukugombana, lakini hatukugombana kwa habari za kuletewa.

Alipougua mara ya mwisho watu waliniambia mgonjwa hasemeshwi mambo mazito. Nilikaa pembeni ya kitanda chake nikamuuliza, kama tulivyozoea, "Hamisi, ukitangulia, tukulaze wapi, kwenu Mlandizi au hapa?" Hakuudhika. Alifikiri kidogo, akaniambia, "Hapa hapa Kibaha. Kule shamba utapanda magari mawili kuja kunizuru, na magoti yako hayo."

Alipofariki, ndugu zake walikaa hapo nje, na kila mmoja alikuwa anajua marehemu angetaka nini. Huyu anasema angetaka alale karibu na baba yake, yule anasema angetaka shambani kwenye mpunga. Walikuwa wanasema kwa mapenzi, na mimi nilikuwa ndani, sina nguvu hata ya kusimama. Lakini nilisimama. Nikatoka, nikawaambia alichosema, pamoja na yale ya magoti. Selemani, ambaye wakati huo alishakuwa mzee wa kutembelea fimbo, akaniuliza, "Alikwambia mwenyewe?"

"Kwa mdomo wake, shemeji."

"Basi tumemaliza," akasema, na hakuna aliyebisha tena.

Ndiyo maana kila Ijumaa unaniona natoka hapa kwa miguu, natembea taratibu mpaka kwake, namsalimia, namwambia habari zenu, na narudi kabla jua halijawa kali. Kama nisingemuuliza, angelala mbali, na mimi ningebaki hapa nikisubiri mtu wa kunipeleka.

Sasa nakuusia, mwanangu. Ndani ya nyumba yako usimpe mtu mwingine kazi ya kusema unachotaka, hata akiwa mama yako, hata nikiwa mimi. Na mwenzako akikaa kimya usimsomee mawazo, mwendee umuulize, halafu umsubiri ajibu. Mwenyezi Mungu akupe ulimi wa upole na masikio ya subira, ampe na Yusufu vivyo hivyo, awajaalie watoto wenye afya na miaka mingi ya kusikilizana, na atakayetangulia amwache mwenzake akiwa na majibu. Haya, mchicha nitamaliza mwenyewe. Chukua simu yako, nenda kule uani penye utulivu, mpigie kijana wa watu umwambie.